Spidi hazijumlishwi hivyo

Niko msituni magharibi ya Evanston, Illinois, majani ya mwaloni yamefunika njia yote, simu inaniambia bado mita tisa na mkono wa pili umeshika karatasi ya hesabu imekunjwakunjwa mpaka wino umeanza kufutika. Mbele kuna mti ulioanguka zamani. Naingiza mkono chini ya gogo, napapasa, natoa kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Ndani kuna kidaftari na penseli fupi.

Nikasaini, tarehe na jina langu la mchezo, nikarudisha kopo pale pale.

Kawaida hapo ndio raha yenyewe, unafurahi unaenda zako. Siku ile nikakaa juu ya gogo nikaanza kuandika nyuma ya ile karatasi namba nyingine kabisa, namba za ajali ya lori la mjomba wangu lililoingia mtaroni kati ya Korogwe na Mombo mimi nikiwa bado sekondari.

Wiki zimepita na bado sijaziacha. Ndio maana naandika.

## Kwa ambao hamjawahi kucheza

Jiokashingi ni mchezo wa kuficha na kutafuta makopo kwa GPS. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani ilizima ule uchafuzi wa makusudi wa mawimbi ya GPS ambao ulikuwa unafanya mashine ya raia wa kawaida ikosee hata mita 100, na kesho yake tu jamaa mmoja wa Oregon, Dave Ulmer, akaficha ndoo porini karibu na Beavercreek akatangaza koodineti zake, yani namba za mahali ilipo, mtandaoni. Watu wakaenda wakaikuta. Kutoka pale mchezo umesambaa dunia nzima.

Makopo mengi unapewa koodineti unaenda moja kwa moja. Lakini kuna aina ya fumbo, yenye alama ya kuuliza, unapewa koodineti za uongo na swali, ukilijibu ndio unapata sehemu yenyewe. Mi napenda hizo. Na hili fumbo nililolikuta huku lilitungwa na mzee mmoja ambaye kwenye maelezo anasema alikuwa polisi, kazi yake kupima ajali za barabarani, sasa kastaafu.

Evanston kwa habari hizo si mji wa hivi hivi. Chuo Kikuu cha Northwestern kilianzisha taasisi yake ya mambo ya trafiki hapa mwaka 1936, na mtu kama J. Stannard Baker alitumia miaka mingi kufundisha polisi namna ya kusoma ajali kutoka kwenye lami, yani tairi imeandika nini, gari lilianzia wapi, liliishia wapi. Kwa hiyo fumbo liko kwao.

## Mchoro usio na swali

Ukifungua fumbo hukuti swali. Unakuta mchoro wa ajali, kama ule anaochora trafiki wetu kwenye karatasi yake, barabara kwa juu, gari ni kiboksi, mishale. Namba nimezibadilisha hapa maana kumwaga jibu la fumbo la mtu ni kukosa adabu, ila mtindo ni huu.

Gari limefunga breki tairi hazizunguki, likaburuza futi 120 kwenye lami. Likatoka pembeni likaburuza futi 45 kwenye changarawe. Likagonga mti. Mharibiko wa mbele unaonyesha liligonga mti likiwa na maili 20 kwa saa. Msuguano wa lami 0.70, wa changarawe 0.50.

Basi. Chini yake kuna koodineti, na upande wa kaskazini tarakimu tatu za mwisho hazipo. Spidi ya gari kabla ya breki, zidisha kwa kumi, ndio tarakimu zako.

Fomula ni fizikia ya kidato cha tatu tu imevaa nguo za kazini. Unachukua 30, mara urefu wa alama kwa futi, mara namba ya msuguano, unatafuta kipeuo cha pili, unapata maili kwa saa. Kwa sisi wa mita na kilomita ile 30 inakuwa 254, ambayo si uchawi, ni mbili mara 9.81 mara 3.6 mara 3.6 tena.

Uzito wa gari haumo. Hii iliniwekea mdudu kichwani mapema kabisa, maana nyumbani nimesikia mara mia mtu akisema lori lilishindwa kusimama "kwa sababu ya mzigo", na hapa karatasi inasema uzito unajikata wenyewe: gari zito ni gumu zaidi kulizuia ila na tairi zake zinaikandamiza lami kwa uzito huo huo. (Lori lina mambo yake mengine, breki za upepo zinachelewa kidogo, tairi zake ni ngumu haziumi lami kama za gari dogo. Ila si uzito wenyewe.)

## 96

Sasa angalia mtego ulipo.

Lami peke yake: 30 mara 120 mara 0.70 ni 2520, kipeuo chake maili 50. Changarawe peke yake: 675, kipeuo chake maili 26. Mti: maili 20.

Hamsini na ishirini na sita na ishirini. Mkono wenyewe unataka kujumlisha. Inatoka 96.

Maili 96 kwa saa ni kilomita zaidi ya 150, kwenye barabara ya kijijini ambayo Illinois inaruhusu maili 55. Ukiiona 96 umeshamaliza kesi. Dereva ni mwendawazimu, alikuwa amelewa, alikuwa anashindana na mtu, fungia leseni.

Ila spidi hazijumlishwi hivyo. Zinajumlishwa zikiwa zimepigwa mraba, yani 2520 na 675 na 400, jumla 3595, ndio unatoa kipeuo. Inatoka 60.

Sitini!

Mtu wa 60 kwenye barabara ya 55 ni jirani yako. Ni mimi nikiwahi kazini. Alama zile zile, mti ule ule, karatasi ile ile, na tofauti ya mwendawazimu na jirani yako ni namna ya kujumlisha. Kwenye fumbo tofauti hiyo ni mita kama 670 kuelekea kaskazini, na mzee kapanga makusudi anayejumlisha vibaya atue katikati ya maji.

Kinachobebwa na gari ni kama deni. Deni la gari la 60 ni ile 3595, lami ikalipa 2520, zikabaki 1075, changarawe ikalipa 675, zikabaki 400, mti ukamalizia. Ukifuata deni linavyopungua unaona kitu ambacho mimi kilinishtua: gari linatoka kwenye lami, baada ya futi 120 za kuburuza, bado lina maili 33. Futi hizo hizo 120 zingesimamisha kabisa gari lililoanza na 50. Maili kumi za ziada pale mwanzo zinakuja kuwa 33 pale mwisho.

Nikarudia hesabu mara kadhaa kwa kutoamini. Iko vile vile.

## Nani kasema ni 0.70

Hapa ndipo fumbo lilipoanza kunisumbua kwa namna nyingine.

Kwenye mchoro mzee kaandika 0.70 kwa lami, na chini kaeleza kaipataje. Wana kitu wanakiburuza, kipande cha tairi kimejazwa zege, wanakifunga kwenye mizani ya kuvuta, wanakivuta juu ya lami pale pale kwenye ajali. Kikiwa na ratili 40 na kukivuta kunahitaji ratili 28, basi 28 kwa 40, 0.70. Safi sana, na kwa jicho langu ndio sehemu nzuri kuliko zote kwenye fumbo zima, mtu anaiuliza barabara yenyewe.

Lakini ukivuta mara ya pili unapata nyingine. Lami kavu ya kawaida inacheza kwenye 0.7 na 0.8, ikichakaa ikawa laini inashuka, ikilowa inashuka zaidi, na changarawe ndio kabisa haina msimamo. Nikajaribu fumbo kwa kutumia 0.65 na changarawe 0.40, ikatoka maili 57.3. Nikatumia 0.80 na 0.60, ikatoka 64. Zote ni halali. Wataalamu wawili wa pande mbili mahakamani wanaweza kuja na hizo mbili, kila mmoja na vipimo vyake, na hakuna aliyedanganya.

Kutoka 57.3 mpaka 64, kwa koodineti za lile fumbo, ni mita 124 za msitu.

Fikiria hilo. Kabla ya ule mwezi Mei 2000 GPS ya raia ilikuwa inakosea mita 100 hivi, na hapa msuguano wa lami peke yake unaturudisha kule kule. Mzee hawezi kuficha kopo kwenye mita 124. Fumbo linataka sehemu moja, gogo moja, kwa hiyo lazima aseme 0.70 na iwe 0.70.

Ajali ya kweli haikupi gogo. Inakupa kipande cha msitu.

Na nilipokaa pale kwenye gogo na kopo limesharudi mahali pake, kilichokuwa kinanizunguka kichwani ni kwamba mjomba wangu alipewa gogo. Alipewa namba moja, haikupimwa na mtu, na ndio akaishi nayo.

## Machungwa ya Muheza

Alikuwa anaendesha Fuso la tajiri mmoja, amepakia machungwa Muheza anapeleka Moshi. Kati ya Korogwe na Mombo bodaboda akaingia barabarani kutoka kwenye njia ya vumbi bila kuangalia. Mjomba akakanyaga breki, tairi zikalia, lori likavuta kushoto likaenda kukaa mtaroni. Bodaboda kwa kuogopa akaanguka mwenyewe akavunjika mguu, akapona. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Machungwa yalimwagika, watoto wakaokota, wakaweka majani barabarani kama kawaida.

Kilichomfuata mjomba ndio kilikuwa kibaya. Kuna kijana alikuwa kwenye kibanda jirani akasema lile lori "lilikuwa mia na kumi hilo". Mia na kumi ikabebwa. Ikafika kwa tajiri ikiwa imeshakuwa ukweli, na gari kubwa mwisho ni 80, kwa hiyo tajiri akamtoa kwenye gari, na mshahara wa mwisho hakuuona. Madereva wengine wakaisikia. Alikaa muda mrefu hapati gari. Leo ana duka la vifaa vya umeme Korogwe na maisha yanaenda, ila mpaka leo kwenye misiba na harusi lazima kuna mtu atamtania, "Mia na kumi!", na yeye anacheka na wote.

Mi nimemuona anavyocheka. Mdomo unacheka.

Sasa kuna kitu alikuwa anakisema tangu zamani na hakuna aliyekuwa anakisikiliza, hata mimi. Anasema jioni ile akisubiri winchi alitembea juu ya alama za tairi zake mwenyewe, akahesabu hatua arobaini mpaka ukingo wa mtaro. Na lori lilipovutwa lilikuwa limepinda bampa na kuvunjika taa ya kushoto. Kioo kizima. Mlango unafunguka.

Hatua arobaini, bampa, taa. Ni mchoro wa yule mzee, hauna tofauti.

## 88

Hatua ya mtu mzima nikaiweka sentimita 75, kwa hiyo mita 30. Lori lililopakia, lami kavu, nikaanza na msuguano wa 0.57 ambao uko katikati ya 0.50 na 0.65. 254 mara 30 mara 0.57. Kipeuo chake ni kilomita 66 kwa saa.

Mtaro nao ulilipa kitu, maana bampa halikupinda lenyewe. Nikaupa kilomita 20. Na hapa ndio nikashukuru lile fumbo, kwa sababu mtu yeyote wa kijiweni angechukua 66 akaongeza 20 akapata 86, na 86 ni juu ya 80, umeisha. Lakini 66 kwa mraba na 20 kwa mraba, jumla, kipeuo: 69.

Mtaro wote ule umeongeza kilomita tatu.

Alafu nikageuza. Nikasema haya, tuamini ile 110. Lori lilikuwa 110. Mraba wake ni 12100. Alama za lami zimelipa 66 kwa mraba, 4356. Zinabaki 7744. Kipeuo cha 7744 ni 88 kamili, hata nukta haina.

Yani kama mjomba alikuwa 110, basi baada ya hatua arobaini za kuburuza lori liliingia mtaroni likiwa bado na kilomita 88 kwa saa. Hizo lazima zilipwe na kitu. Ni spidi ile ile ambayo lori lingekuwa nayo ukiliangusha kutoka mita 30 juu, kama ghorofa ya kumi. Na mtu aniambie limetoka hapo na bampa lililopinda na taa moja, na dereva akashuka kwa mlango wake akaanza kuhesabu hatua.

Niliandika hiyo 88 nikaizungushia duara, baridi imeshaanza, jua linazama, na nikashindwa kuinuka kwa muda.

## Mbona sikupiga simu siku ile

Ungedhani nilipiga simu pale pale. Sikupiga. Nilikaa nayo, na sababu nitazisema kama zilivyo.

Ya kwanza, hatua ni za kumbukumbu. Mjomba amelisimulia hili jambo miaka mingi, na hadithi ikisimuliwa sana inajinyoosha. Arobaini ni namba ya duara mno. Zingekuwa hamsini? Sitini? Na sentimita 75 nimezitoa wapi mimi, hizo ni hatua za nani?

Ya pili ni nzito zaidi. Alama za breki zinakupa kiwango cha chini cha spidi, si spidi yenyewe. Tairi kabla haijaanza kuandika lami breki imeshaanza kula mwendo, na ule mwendo ulioliwa hauonekani. Kwa hiyo 69 maana yake ni 69 au zaidi. Nikijaribu kila kitu kwa upande mbaya, hatua ndefu za sentimita 85, msuguano 0.70, mtaro 20, nafika 80. Hesabu inaweza kuitupa ile 110, na kwa moyo wangu wote naamini inaitupa. Lakini haiwezi kuapa kwamba alikuwa chini ya 80. Na najua yeye akisikia "hesabu" anataka kusikia hilo la pili.

Kwa upande wa pili kuna vitu vinavyomsaidia. Kama tairi za nyuma tu ndizo zilikaba na za mbele zilikuwa zinazunguka, basi msuguano wa lori zima ni mdogo kuliko nilivyoweka na spidi inashuka. Hilo la tairi zipi ziliandika sikuwa nalijua.

Na ya tatu. Ile namba ya msuguano ni mahali ambapo mtu anaweza kuingiza anachokipenda bila kudanganya. Nikiwa na huruma naweka 0.50, nikiwa na hasira naweka 0.70, na karatasi inakubali zote. Fumbo lilikuwa limenifunga mikono kwa 0.70 ya yule mzee, hapa mikono ilikuwa wazi na anayepimwa ni mtu aliyenilipia ada ya shule. Nilijiuliza swali moja kwa siku nyingi: ingetoka 95, ningempigia?

Nilipoweza kujijibu kwamba ndio, ningempigia, ningemwambia kwa upole ila ningemwambia, hapo ndio nikaona nina haki ya kumpa hii iliyotoka.

## Sauti

Nikamtumia sauti WhatsApp, ndefu, maana kupiga saa za huku na kule ni shida.

Shikamoo mjomba. Nikamuuliza duka, nikamuuliza mama na watoto, alafu nikamwambia mjomba nataka kukuuliza habari za lile Fuso, usinielewe vibaya.

Akajibu usiku wa kwao. "Marahaba mjomba." (Tunaitana hivyo hivyo sisi, mimi mjomba na yeye mjomba.) Kimya kidogo, nasikia redio nyuma. "Uliza tu."

Nikamuuliza tairi zipi ziliandika. Akasema bila kufikiri, za nyuma, zile dabo, pande zote mbili, mistari minne, za mbele zilikuja kuandika karibu na mwisho. Nikamuuliza lami. Akasema asubuhi ilinyesha ila yeye kapita pale saa nane mchana, juu kumekauka, pembeni bado kuna unyevu. Nikamuuliza alimuona bodaboda kwa umbali gani, akasema, "Nilimuona nikakanyaga pale pale." Nikamweleza kwamba mtu wa kawaida akiona kitu mpaka mguu ukabane inapita kama sekunde moja na nusu, na kwa spidi ya 69 lori limeshakula karibu mita 29 kabla ya alama ya kwanza. Akarudisha sauti fupi: "Kwa hiyo nilimuona mbali kuliko wanavyosema."

Hilo mimi sikuwa nimeliona. Nilikuwa nimeshughulika na spidi tu, na yeye kwa sentensi moja kachukua mita zangu 29 akazipeleka pale zinapotakiwa. Kumbe tuhuma zilikuwa mbili: kwamba alikimbia, na kwamba alikuwa haangalii mbele.

Alafu nikamwambia ile 88. Nikaieleza taratibu, deni, nani kalipa nini, kwamba kama ingekuwa 110 basi mtaro ungepaswa kulipa 88. Nikamwambia pia upande wa pili, kwamba siwezi kuapa ilikuwa chini ya 80, hesabu haifiki huko. Nikatuma. Zile tiki mbili zikawa bluu na hakuna kilichorudi mpaka kesho yake mchana.

Iliporudi hakuongelea 80 kabisa. Alisema, "Mjomba, hiyo ya themanini na nane niandikie. Kwa mkono wako, kwenye karatasi, kwa kilomita usilete maili zenu. Na pale chini uweke ya mtaro, ile ya kwamba tatu tu ndizo zimeongezeka."

Nikamuuliza anataka kumpelekea nani, maana tajiri mwenyewe alishafariki. Akasema wapo wa kusoma.

Alafu akaongeza kuwa hatua zake si sentimita 75, mimi namjua, ana miguu mirefu, na siku ile alikuwa anatembea na hasira.

Ana haki. Kwa hiyo tumekubaliana Desemba nikienda atembee hatua arobaini kwenye lami pale mbele ya duka na mimi nipime kwa tepu. Nimeshaandaa jedwali. Hatua ikiwa ya sentimita 70 namba inatua 67, ikiwa ya 85 inapanda 73, na zile tairi za mbele zilizochelewa kuandika zinaishusha tena kidogo, ila kiasi gani sitaandika mpaka anionyeshe pale barabarani zilianza wapi. Karatasi yake nimeianza jana usiku. Mstari wa kwanza ni 12100 kutoa 4356.